Rimu za Mwenye Gari wa Zamani: Uingereza Ilivyoikarabati Sheria ya Bima

Tuchukue mfano wa aina ambayo wasuluhishi wa migogoro ya bima nchini Uingereza huletewa mara kwa mara. Mtu ananunua gari la mkono wa pili na kulikatia bima kubwa. Katika maswali ya maombi anaulizwa iwapo gari limebadilishwa kwa namna yoyote tangu litoke kiwandani, naye anajibu hapana. Miezi kadhaa baadaye gari linapinduka, linavutwa hadi yadi, na mkaguzi wa kampuni ya bima analizunguka na tochi na kompyuta ya kupimia. Anaandika mambo matatu: rimu si za kiwandani, springi ni fupi kuliko za asili, na kompyuta ya injini imeprogramiwa upya ili injini itoe nguvu zaidi. Yote matatu yalifanywa na mwenye gari wa zamani. Mwenye gari wa sasa hajawahi kulishikia spana.

Alipwe au asilipwe? Kwa sheria ilivyosimama hadi mwanzoni mwa 2013, kampuni ingeweza kuifuta bima yote tangu siku ya kwanza na kumwacha na chuma chakavu. Kwa sheria ya leo, kila badiliko kati ya yale matatu hupimwa peke yake, na inawezekana kabisa moja limpunguzie fidia huku jingine lisimguse. Nataka kuchambua jinsi mabadiliko hayo yalivyofanywa, kwa kuwa Kenya na Tanzania zilirithi kanuni ileile ya zamani kutoka kwa Waingereza, na magari mengi yanayotembea Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam yana mmiliki wa kwanza ambaye mnunuzi hatamwona maishani.

Kanuni yenyewe ilizaliwa mwaka 1766, mbali sana na magari. George Carter, gavana wa ngome ya Fort Marlborough huko Bengkulu kwenye kisiwa cha Sumatra, alikuwa ameikatia ngome hiyo bima dhidi ya kutekwa na adui wa Kizungu. Wafaransa waliiteka mwaka 1760. Mwenye kubeba bima, Boehm, akakataa kulipa, akidai kwamba gavana alimficha udhaifu wa ngome na uwezekano wa Wafaransa kuja. Jaji Mansfield akaweka msingi ambao vitabu vya bima vinaurudia hadi leo: mkataba wa bima husimama juu ya uaminifu wa hali ya juu, kwa sababu anayeomba bima ndiye anayeijua hatari, na anayeibeba hutegemea neno lake.

Watu wengi wanaoitaja kesi hiyo husahau mwisho wake. Carter alishinda. Mansfield aliona kwamba Boehm, aliyekuwa London na kuzijua habari za vita kuliko gavana aliyekuwa Sumatra, alipokea pesa ya bima akijua hakuambiwa hali ya ngome, wala hakuuliza. Mtu hawezi kupokea ada kimya, kisha hasara ikitokea ndipo aanze kuuliza. Mwombaji hana wajibu wa kumweleza mbeba bima jambo ambalo mbeba bima analijua tayari, au anapaswa kulijua, au ameonyesha hana haja ya kuambiwa. Nusu hii ya pili ya hukumu ndiyo ninayoiona ya thamani zaidi, na ndiyo iliyofifia kwa muda mrefu.

Ilififia kwa hatua. Sheria ya Bima za Baharini ya 1906 iliandika kanuni hiyo upande wa mwombaji kwa ukali: aeleze kila jambo ambalo lingeweza kuathiri uamuzi wa mbeba bima mwenye busara, aulizwe au asiulizwe. Asipoeleza, bima nzima inaweza kufutwa. Ingawa jina la sheria ni la bahari, mahakama ziliitumia mantiki yake kwa nyumba, maisha na magari. Mwaka 1908, katika kesi ya Joel iliyohusu bima ya maisha, Mahakama ya Rufani ilipunguza makali kidogo kwa kusema kwamba mtu hawezi kulaumiwa kwa kutoeleza asichokijua. Hapo mnunuzi wa gari letu angepumua.

Lakini kampuni zilikuwa na njia ya kuzunguka. Chini ya fomu ya maombi ziliweka sentensi inayotamka kwamba majibu yote ndiyo msingi wa mkataba. Sentensi hiyo iliyageuza majibu kuwa ahadi, na ahadi ya namna hiyo haiulizi ulijua au hukujua. Kilele chake ni kesi ya Dawsons ya 1922, iliyohusu lori la Glasgow. Kwenye fomu, kwa kupitiwa tu, mahali pa kulilaza lori paliandikwa anwani ya ofisi katikati ya mji badala ya gereji ya pembeni ya mji. Lori likaungua. Kosa hilo halikuongeza hatari wala kuibadilisha ada. Hata hivyo Mabwana wa mahakama ya juu, kwa wingi wa watatu dhidi ya wawili, waliamua kwamba kampuni ina haki ya kutolipa kitu. Jibu halikuwa sahihi, na majibu yalikuwa msingi wa mkataba; mengine hayakuwa na nafasi.

Sasa iweke hukumu hiyo mbele ya gari la mkono wa pili. "Gari limebadilishwa?" "Hapana." Jibu si sahihi. Kwamba aliyebadilisha ni mtu mwingine, miaka mitatu kabla, na kwamba programu ya injini haionekani kwa jicho, ni habari zisizohusika. Huu ndio ubovu uliopaswa kukarabatiwa.

Tume ya Sheria ya Uingereza ilipendekeza marekebisho mwaka 1980 na serikali haikuyatekeleza. Kwa miongo kadhaa nafuu ilitoka nje ya mahakama: kwanza kwenye taratibu ambazo kampuni zilijiwekea zenyewe, kisha kwa msuluhishi wa bima aliyeanza kazi 1981, na tangu 2001 kwa Financial Ombudsman Service, chombo kinachoamua kwa kipimo cha haki na busara badala ya herufi ya sheria. Wananchi wakawa na sheria mbili: moja ya mahakamani iliyo kali, nyingine ya msuluhishi iliyo na utu. Tume ya Uingereza na ile ya Scotland zilileta ripoti nyingine mwishoni mwa 2009, na hii ilizaa Sheria ya Bima za Watumiaji ya 2012, iliyoanza kutumika tarehe 6 Aprili 2013.

Ufundi wa sheria hii umo katika kuhamisha mzigo. Kwa mtu binafsi anayekata bima ya matumizi yake, wajibu wa kujieleza mwenyewe bila kuulizwa uliondolewa kabisa. Ukabaki wajibu mmoja: achukue uangalifu unaostahili asitoe maelezo yasiyo ya kweli. Na uangalifu huo hupimwa kwa kuangalia, miongoni mwa mengine, aina ya bima, watu ambao bima hiyo imekusudiwa kuuziwa, maelezo yaliyoambatana na fomu, na uwazi wa maswali yenyewe. Kipimo ni mtumiaji wa kawaida mwenye busara, wala si fundi wala wakili. Sentensi ya "majibu ndiyo msingi wa mkataba" ilinyimwa nguvu. Lori la Glasgow, kama lingekuwa gari la nyumbani, leo lingelipwa.

Baada ya hapo sheria inagawa makosa. Kama mtu alichukua uangalifu unaostahili na bado jibu likawa si sahihi, kampuni haina dawa yoyote, inalipa yote. Kama alizembea, fidia hupangwa kulingana na kile ambacho kampuni ingefanya ikijua ukweli. Kama alidanganya kwa makusudi au kwa kutojali ukweli, bima inaweza kufutwa, madai yote yakakataliwa, na ada ikabaki kwa kampuni isipokuwa pale ambapo kuibakiza ni kumwonea. Wa kuthibitisha udanganyifu ni kampuni. Pia ni lazima kampuni ionyeshe kwamba bila jibu lile isingeingia mkataba kabisa, au ingeingia kwa masharti mengine. Kwa sababu hiyo msuluhishi huwaambia wenye kampuni walete mwongozo wao wa kupanga ada, ule wa ndani, na waonyeshe mstari unaohusu badiliko lenyewe. Kampuni inayosema "tusingelikatia bima gari hili" bila karatasi ya kuthibitisha hujiweka pabaya.

Hesabu ya mzembe ni nyepesi. Tuseme alilipa ada ya pauni 600, na mwongozo unaonyesha kwamba gari lenye rimu zile lingetozwa 800. Amelipa asilimia 75 ya ada inayostahili, basi hulipwa asilimia 75 ya hasara: gari la pauni 8,000 humletea 6,000. Mwongozo ukionyesha kwamba kampuni isingelikubali gari hilo kwa ada yoyote, bima hufutwa na anarudishiwa ada yake bila fidia. Hili la mwisho ni zito, na wanaosifia sheria ya 2012 hulitaja haraka mno. Kampuni nyingi za kawaida haziyataki magari yaliyoongezwa nguvu, kwa hiyo uzembe mdogo kuhusu programu ya injini unaweza kumgharimu mtu gari zima.

Turudi kwenye yadi, badiliko moja baada ya jingine.

Rimu zinaonekana. Mtu anayelipita gari anaziona, na kampuni itasema kwamba mwenye busara angejua. Si mara zote. Watengenezaji huuza toleo moja la gari na rimu za aina nne au tano, na mwenye gari wa zamani huenda aliweka rimu halisi za mtengenezaji yuleyule zilizotoka kwenye toleo la gharama zaidi. Nembo katikati ni ileile. Mnunuzi wa kawaida atajuaje kwamba toleo lake halikutoka nazo? Hapa maneno ya swali yanabeba kila kitu. Swali linalotaja rimu kwa jina, pamoja na springi, ekzosi, vioo vya giza na programu ya injini, humfanya mtu aende kuangalia. Swali la jumla lisilo na mfano hata mmoja humwacha akidhani anaulizwa mambo ya magari ya mashindano. Baya zaidi ni jibu lililojazwa tayari na tovuti za kulinganisha bei, ambapo "halijabadilishwa" huwa imeshawekwa na mwombaji anatakiwa tu kukubali ukurasa mzima. Mimi siliiti hilo swali.

Springi ziko katikati. Gari lililoshushwa sentimita tatu hutambulika kwa fundi mara moja, lakini mwenye gari wa kawaida huliona kama toleo la kimichezo. Ukaguzi wa kila mwaka ambao Uingereza huulazimisha kwa magari yaliyozidi miaka mitatu hautamsaidia kugundua, kwa kuwa mkaguzi huangalia usalama, naye springi nzima zilizofungwa vizuri huzipitisha ziwe za kiwandani au za dukani.

Programu ya injini ndiyo ngumu kuliko zote, na ndipo ushahidi wa kitaalamu unapopotosha kwa urahisi. Mkaguzi akichomeka kifaa chake anaweza kukuta programu iliyomo hailingani na iliyosajiliwa kiwandani kwa namba ile ya chasi. Kompyuta nyingine hutunza idadi ya mara zilizoandikwa upya. Kwa magari ya kundi la Volkswagen, mfumo wa kiwanda ukibaini programu isiyo yake, gari huwekewa alama ya TD1 kwenye kumbukumbu za mtengenezaji. Ripoti ikija na vitu hivi huonekana nzito na ya kisayansi, na mwenye gari huvunjika moyo kabla hajabisha. Lakini ripoti hiyo inathibitisha jambo moja tu, kwamba programu ilibadilishwa. Haisemi ilibadilishwa na nani, wala mwenye gari wa sasa alijua au alikuwa na namna ya kujua, na swali la sheria ni hilo la pili. Kama hakuna risiti ndani ya gari, tangazo la kuuzia halikulitaja, muuzaji hakusema na gari linaendeshwa kama mengine, mtu mwenye busara hakuwa na la kulijibu zaidi ya hapana. Kampuni makini zinalijua hili, ndiyo maana wachunguzi wao hulitafuta tangazo la zamani. Likisema kwa fahari kwamba injini imetuniwa, na mnunuzi alilisoma tangazo hilo kabla ya kulipa, hali yake inageuka.

Inageuka pia kwa kupita kwa muda. Jibu hupimwa kwa ujuzi wa siku lilipotolewa. Gereji ikimwambia mwezi wa tano kwamba injini imetuniwa, basi anapohuisha bima mwezi wa kumi na kuombwa athibitishe maelezo yake ya mwaka jana, kunyamaza kwake kunaweza kuhesabiwa kuwa maelezo ya uongo. Sheria ya 2012 inasema hivyo waziwazi, na ni haki.

Kuhusu aliyegongwa, maneno machache yanatosha. Sheria ya Barabara ya 1988 inailazimisha kampuni kulipa hukumu ya mtu wa tatu hata inapogombana na mteja wake, na masharti yanayohusu hali ya gari au ukubwa wa injini hayawezi kutumika dhidi ya majeruhi. Tangu Novemba 2019 kampuni haiwezi tena kumkwepa majeruhi kwa kuomba mahakama iifute bima baada ya ajali. Inaweza tu kumgeukia mteja baadaye.

Kenya ina sheria ya bima ya mtu wa tatu, Sura ya 405, iliyochongwa kutoka sheria za Kiingereza za kabla ya vita, na ndani yake mlango ambao Uingereza iliufunga 2019 bado uko wazi: kampuni ikifungua shauri la kuifuta bima kabla ya kesi ya majeruhi au ndani ya miezi mitatu tangu kesi hiyo ianze, na ikashinda kwa hoja kwamba jambo muhimu lilifichwa, haimlipi majeruhi. Mtu aliyegongwa na gari la jirani yake anaweza kukosa fidia kwa sababu ya injini iliyobadilishwa na mtu asiyejulikana na yeyote kati yao. Sioni namna ya kulitetea hili.

Kwenye bima kubwa kuna tofauti nyingine inayofanya ufutaji wa bima uwe mkali zaidi kwetu kuliko ulivyokuwa Uingereza. Kule ada hupangwa kwa kuchanganya aina ya gari, umri wa dereva, mtaa na mengine mengi, hivyo rimu na programu vinaweza kuwa na bei yake kwenye jedwali. Kenya na Tanzania ada ya bima kubwa ya gari la binafsi hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya gari. Chukua gari la shilingi za Tanzania milioni 20, tuseme kwa asilimia 3.5: ada ni 700,000. Rimu za shilingi milioni moja ambazo hazikutajwa zingeifanya thamani iwe milioni 21 na ada 735,000. Kampuni imekosa 35,000. Kwa hesabu ya uwiano mteja angelipwa zaidi ya asilimia 95 ya hasara yake. Kwa kanuni ya kufuta, anakosa milioni 20. Badiliko linaloongeza nguvu au hatari, kama mtungi wa gesi asilia uliofungwa kwenye buti bila utaalamu, lina hoja yake ya kiufundi na kampuni ina haki ya kulipima. Lakini mengi yanayokutwa kwenye magari yetu ni ya aina ya rimu.

Nusu ya hukumu ya Mansfield iliyofifia ndiyo inayoweza kutumika hapa, na kwa bahati nzuri soko letu lina chombo kinachoifaa. Kabla ya kukubali bima kubwa, kampuni nyingi hutaka gari lipelekwe kwa mthamini, ambaye mara nyingi ameteuliwa na kampuni zenyewe. Mthamini hulipiga picha, huandika namba ya chasi na ya injini, hutaja rimu, redio, vioo na hali ya bodi, kisha hutuma ripoti. Kampuni iliyopokea ripoti yenye picha ya rimu haiwezi baadaye kusema ilifichwa rimu. Ilijua, au ilipaswa kujua, ikapokea ada. Mwenye gari aombe nakala ya ripoti hiyo siku ileile na aihifadhi pamoja na kadi ya gari, na wakili wake aiweke mezani kabla ya hoja nyingine yoyote.

Kwa yale yasiyoonekana, karatasi husaidia kuliko macho. Namba ya injini kwenye kadi ya gari ilinganishwe na iliyogongwa kwenye injini yenyewe. Zisipolingana, injini ilibadilishwa na usajili haukufuata, na hilo likamilishwe kwenye mamlaka ya usajili kabla ya kukata bima. Kwa magari ya Japani kuna alama ambayo wanunuzi wengi huipita. Gari lililobadilishwa muundo na kukaguliwa upya kisheria kule huongezewa mwishoni mwa namba ya toleo herufi inayosomwa kai, na alama hiyo hufuata hadi kwenye cheti cha kusafirishia nje. Anayeiona na kuikalia kimya hana tena utetezi wa kutojua. Na wakala anayejaza fomu kwa niaba ya mteja aliyekaa pembeni akisubiri stika, amsomee swali la mabadiliko neno kwa neno, aandike jibu kama lilivyotolewa, hata kama ni "sijui, nimelinunua mwezi uliopita". Kampuni ikilipokea jibu hilo na kutouliza zaidi, imechagua kuibeba hatari hiyo.